Mtoto wa chekechea anayepiga na kuuma wenzake: Kiini na namna ya kumrekebisha

MZAZI anapoitwa shuleni kuelezwa kwamba mwanawe wa miaka minne amemuuma mwenzake, mambo mawili humjia haraka: aibu na kiboko. Hakuna hata moja kati ya hayo linalomsaidia mtoto.

Kupiga, kusukuma, kupokonya vitu, kuvunja vya wengine makusudi na kukaidi amri ni tabia zinazowasumbua walimu wengi wa chekechea. Hata hivyo, si kila mtoto mwenye tabia hizo ana kasoro. Utafiti wa Richard Tremblay, mtaalamu wa saikolojia nchini Canada, umeonyesha kwamba ugomvi wa mikono hufikia kilele mtoto akiwa na umri wa kati ya miaka miwili na minne, kisha hupungua kadiri anavyopata lugha na kujifunza kujizuia. Mtoto asiye na maneno ya kudai zamu yake kwenye bembea huitafuta kwa ngumi.

Kinachostahili kutia wasiwasi ni tabia hiyo ikizidi badala ya kupungua, ikidumu kwa miezi kadhaa, na kuonekana nyumbani na shuleni pia.

Sababu ni nyingi. Mtoto asiyesikia vyema huonekana mkaidi ilhali hakuisikia amri. Mwingine hana usingizi wa kutosha, ana njaa, au amepata ndugu mchanga na kuhisi ametengwa. Wengine huiga wanayoyaona. Mnamo 1961, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliwaonyesha watoto wa chekechea mtu mzima akilipiga sanamu kubwa la mpira. Walipoachwa nalo, wengi waliiga mapigo na hata matusi waliyoyasikia. Basi mtoto anayeshuhudia babake akimpiga mamake asitarajiwe kusuluhisha ugomvi kwa upole.

Kuna pia mtego ambao wazazi hujitegea wenyewe. Mtoto anadai peremende dukani, mama anakataa, mtoto anajigaragaza sakafuni, na kwa kuona haya mbele ya watu mama anainunua. Mtoto amejifunza kwamba kelele hulipa, naye mama amejifunza kwamba kukubali huleta utulivu. Kesho kilio kitakuwa kikubwa zaidi.

Je, mlezi afanye nini? Kwanza, amzuie mtoto papo hapo kwa sauti tulivu na maneno machache: "Hatuumi watu. Kuuma kunaumiza." Hotuba ndefu haimfai mtoto wa umri huu. Amshughulikie kwanza aliyeumizwa, ili mkosaji asione kwamba kosa ndilo linalomletea uangalizi. Kisha amfunze la kusema badala ya kupiga, kwa mfano, "Naomba zamu yangu."

Pili, amsifu anapofanya vyema, tena kwa kutaja tendo lenyewe: "Umempa mwenzako kalamu, vizuri sana." Tatu, kanuni ziwe chache na zifuatwe na wote, akiwemo nyanya na yaya. Kinachokatazwa na baba kisiruhusiwe na mjomba.

Kuhusu kiboko, sheria iko wazi. Adhabu ya viboko iliharamishwa katika shule za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikasisitiza marufuku hiyo. Mbali na sheria, anayempiga mtoto ili aache kupiga anamfunza kinyume cha anachokusudia.

Mwalimu na mzazi nao washirikiane bila kulaumiana. Mwalimu aandike tukio lilitokea saa ngapi, nani alikuwapo na ni nini kilichotangulia. Baada ya wiki mbili huenda ikabainika kwamba mtoto huuma kabla tu ya chakula, au kila anapoketi karibu na mwenzake fulani. Hapo dawa huwa rahisi.

Hali isipobadilika, mtoto apelekwe hospitalini akapimwe masikio na ukuaji, au katika vituo vya EARC, vilivyoanza kuhudumu nchini mwaka 1984. Panaposhukiwa kwamba anadhulumiwa nyumbani, simu ya 116 hupigwa bila malipo.

Samaki hukunjwa angali mbichi, lakini akikunjwa kwa nguvu huvunjika. Mtoto akibandikwa jina la "mtukutu" akiwa na miaka minne, walimu watakaompokea baadaye huenda wakamtazama kwa jicho hilo hilo, naye akaona heri aliishi jina alilopewa.