Mchuzi Ndio Unaochagua Mvinyo

Kanuni inayosikika kila unapotajwa mvinyo ni moja: mwekundu kwa nyama nyekundu, mweupe kwa samaki na kuku. Kanuni hiyo imetoka kwenye meza za Ulaya, ambako kipande cha nyama hufika mezani karibu peke yake, kimetiwa chumvi na kukaangwa kwa siagi. Mlo wa jioni wa Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, haupangwi hivyo. Mbele ya walaji kuna ugali wa mahindi, wali, au bada, yaani ugali wa muhogo, na kitoweo chake ni kisamvu cha nazi, mboga ya mchunga, maharage, perege wa nyanya, au mbuzi wa kuchoma siku ambayo kuna mgeni. Nyama ikiwepo huwa imeshalala kwenye ndimu, tangawizi na kitunguu saumu, ikapikwa kwa nyanya, ikamaliziwa kwa nazi au pilipili. Ukimuuliza mlaji amekula nini atakujibu "nyama", lakini ulimi wake umekutana zaidi na mchuzi. Ndiyo maana anayetaka kuweka chupa ya mvinyo mwekundu kwenye meza ya namna hii hana budi kuanza na mchuzi, kisha aangalie mafuta ya nyama, na rangi ya nyama aiache mwisho kabisa.

Wapo watakaosema suala lenyewe si la kwetu, ni mambo ya hoteli za kitalii. Hilo lingekuwa na nguvu kama mvinyo wote ungekuwa unashuka bandarini. Mizabibu imelimwa Dodoma tangu miaka ya 1950, wamisionari wa Kikatoliki wa Bihawana wakiwa miongoni mwa waanzilishi, na leo ni zao la wakulima wadogo wanaovuna mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ufaransa au Italia haliwezi kwa sababu ya majira yake ya baridi. Kituo cha utafiti cha Makutupora kimetoa jina kwa aina ya zabibu nyekundu inayotambulisha mvinyo wa huko. Kampuni ya umma ya DOWICO ilinunua zabibu hizo hadi ilipokufa, na baadaye wakaja wasindikaji binafsi kama CETAWICO wa Hombolo na Alko Vintages, pamoja na zabibu za kigeni kama Syrah na Teroldego. Wakulima hao wamelalamika mara kwa mara kwamba mazao yanakosa mnunuzi. Mimi naamini sehemu ya tatizo iko mezani: watu wengi hununua chupa moja kwa ajili ya sherehe, wanaunywa mvinyo mkavu, yaani usio na utamu wa sukari, kwa keki au soda, wanaukuta mchungu, na hawarudi tena. Mvinyo huo haukupewa chakula chake.

Kuonja hakuhitaji msamiati mgumu. Kuna mambo manne ya kutafuta kinywani: uchachu, ukakasi, utamu wa sukari, na joto la kileo kooni. Uchachu hutambulika kwa mate yanayojaa pembeni mwa ulimi. Ukakasi ndio unaowachanganya wengi, wakidhani ni uchungu au dalili kwamba chupa imeharibika. Njia rahisi ya kuujua iko jikoni. Chukua majani ya chai, yale yanayolimwa Ambangulu katika milima ya Korogwe yatafaa sana, uyaache kwenye maji ya moto kwa dakika kumi bila sukari. Onja. Ulimi na fizi zitakauka na kukwaruza hata kama kinywa kimejaa maji. Hiyo ni kazi ya tanini, ambazo hushikamana na protini za mate na kuyanyang'anya ule utelezi wake. Sasa mimina maziwa kidogo kwenye chai hiyohiyo na uonje tena: ukali umepungua sana, kwa kuwa tanini zimepata protini nyingine ya kushika. Katika mvinyo mwekundu tanini hutoka kwenye maganda na mbegu za zabibu, ambazo huachwa ndani ya juisi inapochachuka. Mvinyo mweupe hukamuliwa mapema, ndiyo sababu haukaushi kinywa hivyo. Ukiielewa chai hii umeshaelewa zaidi ya nusu ya suala la kuoanisha mvinyo na chakula.

Tuanze na mahali ambapo mvinyo mkavu wa Dodoma unakaa vizuri kuliko pote: mbuzi wa kuchoma. Handeni ni wilaya ya wafugaji, na mbuzi wake si wa kutafutwa mbali. Mbavu zilizochomwa taratibu juu ya makaa zina mafuta yanayoganda midomoni, zina chumvi, na mezani hukamuliwa ndimu. Kila kimoja katika hivyo vitatu kina kazi yake. Mafuta na protini ya nyama huzipa tanini kitu cha kushughulika nacho, na ukakasi uliokuwa ukikwaruza unabaki kuwa usafi wa kinywa baina ya tonge na tonge. Chumvi hupunguza uchungu ambao ulimi unaupata kwenye mvinyo. Ndimu nayo, kwa kuwa ni chachu kuliko mvinyo, huufanya mvinyo uonekane laini na wenye matunda zaidi. Jaribu mfululizo huu: funda moja la mvinyo kabla ya kula, kisha tonge la nyama yenye chumvi na ndimu, kisha funda la pili kutoka glasi ileile. Funda la pili litakuwa kama limetoka chupa nyingine. Kachumbari ya nyanya na kitunguu inasaidia pia, ilimradi pilipili iwe ya kuonja tu. Maharage yaliyoungwa kwa nyanya na kitunguu, bila nazi, yanaingia katika kundi hilihili, na hapa ndipo kanuni ya rangi ya nyama inapoanza kuvunjika, maana humo hamna nyama hata kipande.

Tatizo linaanza nazi inapoingia chunguni, na katika Mkoa wa Tanga nazi haikosekani. Tui zito lina mafuta, lakini lina utamu pia, na chakula chenye utamu huufanya mvinyo mkavu uonekane mchachu na mchungu zaidi ya ulivyo. Kisamvu kilichotwangwa kikapikwa kwa tui hakiupendi mvinyo mkavu wenye tanini nyingi hata kidogo. Mchunga ndio mtihani mgumu zaidi. Uchungu wake ndio sifa yake, walaji wake wanaufuata, na ukiuwekea juu mvinyo wenye ukakasi unalundika uchungu juu ya uchungu hadi vyote viwili vinapoteza ladha. Pilipili ina shida ya namna yake: kileo huchochea kwenye kinywa hisia ileile ya moto ambayo pilipili huichochea, kwa hiyo mchuzi mkali pamoja na mvinyo wa asilimia 13 au 14 huwa moto mtupu. Kwa vyakula hivi mtu mwenye nia ya kutumia mvinyo mwekundu achague mwepesi, wenye tanini chache na utamu kidogo. Hapa ndipo ule mvinyo mwekundu mtamu wa Dodoma, ambao wajuzi wa mjini huudharau, unapostahili kutetewa. Ukipoozwa vizuri na kunywewa na kuku wa nazi mwenye pilipili, unafanya kazi ambayo chupa ya bei mara tatu yake haiiwezi. Dharau hiyo imetokana na kuiga tu.

Pilau iko katikati. Mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga havina ugomvi na mvinyo mwekundu, na zabibu ya Syrah ina undugu wa kweli na kimoja kati ya hivyo: mwaka 2008 watafiti wa Australia walieleza kwamba harufu ya pilipili manga inayosikika katika mvinyo wa Syrah inatokana na kemikali iitwayo rotundoni, na kemikali hiyohiyo imo ndani ya pilipili manga yenyewe. Lakini kiasi chake hupungua zabibu inapoiva kwenye joto, basi mnywaji wa Syrah ya Dodoma asitarajie harufu hiyo ijae glasi.

Samaki ndiye anayeitetea kanuni ya zamani, na kwa haki. Mwaka 2009 watafiti wa kampuni ya Mercian ya Japani walionyesha kwamba ile shombo inayobaki kinywani baada ya kula samaki na kunywa mvinyo mwekundu inahusiana na madini ya chuma yaliyomo kwenye mvinyo, yanapokutana na mafuta ya samaki. Kadiri chuma kilivyo kingi, ndivyo shombo inavyozidi. Kwa hiyo vibua wa Tanga, ambao wana mafuta mengi, wasikutanishwe na mvinyo mwekundu. Lakini ushahidi huohuo unaonyesha kwamba kosa si la samaki wote. Perege hana mafuta mengi kiasi hicho, na akishakaangwa, akarudishwa kwenye rojo la nyanya, kitunguu na ndimu, kinachotawala sahani ni nyanya. Mvinyo mwekundu mwepesi uliopoozwa unapita hapo bila matatizo. Ni mchuzi tena ulioamua.

Kuna pingamizi ambalo lina uzito zaidi: kwamba ladha ni ya mtu binafsi, na yote haya ni maneno ya kujifanya wajuzi. Nusu ya pingamizi hilo ni kweli. Mwaka 2001 huko Bordeaux, watafiti waliwapa wanafunzi 54 wa taaluma ya mvinyo glasi ya mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, na wanafunzi wakaueleza kwa maneno yanayotumika kwa mvinyo mwekundu. Anayedai kusikia harufu ya matunda saba katika funda moja anaweza kuwa anadanganywa na macho yake. Hata hivyo jaribio lile lilihusu harufu na maneno ya kuielezea. Haligusi ukakasi unaolegezwa na mafuta, uchungu unaopunguzwa na chumvi, wala moto wa pilipili unaokolezwa na kileo. Hayo hutokea kwenye kinywa cha mkulima wa Mkata sawasawa na cha profesa wa Bordeaux. Kupenda au kutopenda kunabaki kwa mwenye kinywa, na anayefurahia mchunga kwa mvinyo mkavu aendelee. Anachopaswa kujua ni kwa nini jirani yake anakunja uso.

Joto nalo linaharibu chupa nyingi kuliko chakula kibaya. Ushauri wa kuunywa mvinyo mwekundu kwa joto la chumba ulitolewa kwa vyumba vya Ulaya vya zamani, vilivyokuwa na nyuzi 16 au 18 za Selsiasi. Chumba cha Korogwe, chini katika bonde la Mto Pangani, jioni ya Januari kina zaidi ya hapo kwa mbali, na mvinyo ukiwa moto kileo chake hupanda puani na kufunika kila kitu. Nusu saa kwenye friji inatosha kwa mvinyo mkavu, saa nzima kwa ule mtamu. Pasipo friji, zungushia chupa kitambaa kilicholoweshwa, uiweke penye upepo. Maji yanapokauka huondoka na joto, kama yanavyofanya kwenye mtungi wa udongo. Jaza glasi theluthi tu, isipate moto kabla hujaimaliza. Chupa ikishafunguliwa irudishwe kizibo na kuwekwa penye baridi, na kunywewa ndani ya siku mbili au tatu kabla haijaelekea kuwa siki.

Yapo madai mengine yanayotumika kuuzia mvinyo mwekundu ambayo ni lazima yakataliwe, hasa lile la kwamba unaongeza damu. Hauongezi. Tanini zilezile tulizoziona kwenye chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yatokanayo na mimea, kama ya maharage na kisamvu, kwa hiyo mama mwenye upungufu wa damu anayeshauriwa kunywa mvinyo anapotoshwa. Na kama ni mjamzito, ushauri huo unamhatarisha mtoto. Shirika la Afya Duniani lilisema Januari 2023 kwamba hakuna kiwango cha kileo kisicho na athari kwa afya, na tangu 1988 vinywaji vyenye kileo vimeorodheshwa na wakala wake wa utafiti wa saratani miongoni mwa visababishi vya ugonjwa huo. Glasi ya mililita 150 ya mvinyo wa asilimia 12 ina karibu gramu 14 za kileo, na chupa ya kawaida ina glasi tano za namna hiyo. Anayekunywa anywe kwa sababu ya ladha ya mlo, akijua hayo.

Waislamu ni wengi Handeni na Korogwe, na wapo Wakristo wengi wasiogusa kileo. Makala haya hayawaombi wabadili msimamo, wala meza yao haina upungufu. Kanuni ya mchuzi inafanya kazi pia kwa juisi ya choya, ile iitwayo rozela, na kwa ukwaju: uchachu wake hukata mafuta ya mbuzi wa kuchoma vizuri sana, mradi sukari iwe kidogo, kwa kuwa mazoea ya kuijaza sukari ndiyo yanayoifanya ishindwe kusimama na nyama. Kwa kuku wa nazi mwenye pilipili, hapo ongeza sukari kidogo. Tahadhari inahitajika pale tu mvinyo uliobaki unapomiminwa kwenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe, jambo ambalo linaupendezesha mchuzi kweli. Wengi huamini kwamba kileo chote huishia hewani. Vipimo vya Idara ya Kilimo ya Marekani vinaonyesha kwamba baada ya saa moja ya kuchemka taratibu hubaki karibu robo, na hata baada ya saa mbili na nusu hubaki takriban asilimia 5. Mgeni asiyetumia kileo aambiwe hilo kabla hajanawa mikono, na apakuliwe kutoka sufuria nyingine.