Ua la Mpungate Katika Picha Isiyo na Rangi

NA MWANDISHI WETU

UKISAFIRI kwa barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, ukishapita Makindu na Kibwezi ukielekea Mtito Andei, utaona hapa na pale mipungate iliyopandwa kuzunguka maboma. Vivyo hivyo upande wa Kitui, ukishuka kuelekea Mutomo na Ikutha. Wengi wetu huutazama mmea huu kama ua wa kuzuia mbuzi, basi. Lakini ua huo nao hutoa ua, tena ua la kupendeza mno, la manjano kama kiini cha yai.

Je, msomaji mpendwa, umewahi kufikiria kulipiga picha ua hilo bila rangi? Huenda ukacheka. Kuondoa manjano katika ua la manjano ni kama kupika pilau bila viungo! Hata hivyo, wapiga picha waliobobea watakwambia kwamba mpungate ni miongoni mwa mimea inayofaa zaidi kwa picha nyeusi na nyeupe. Rangi ikiondoka, jicho hubaki na umbo: mapande bapa yaliyopandana, miiba iliyojipanga kwa vituo, na petali nyororo juu ya ngozi ngumu.

Mama mmoja wa Marekani, Imogen Cunningham, alijipatia sifa kubwa kwa kazi ya namna hii. Miaka ya 1920 alikuwa akilea wavulana watatu na hakuweza kwenda mbali na nyumbani. Akaigeukia mimea ya bustani yake kule California. Picha yake ya ua la magnolia ya mwaka 1925 ingali inatazamwa hadi leo. Mtu wa Wote au Mwingi mwenye mpungate nyuma ya jiko hana sababu ya kumwonea wivu.

MANJANO HUWA RANGI GANI?

Hapa ndipo penye ufundi. Filamu za awali kabisa ziliona mwanga wa buluu peke yake, kwa hivyo ua la manjano lilitokea jeusi kama limechovywa kwenye masizi. Filamu zinazoona rangi zote zilienea katika miaka ya 1920. Lakini hata hizo zina hila yake. Manjano ya ua na kijani cha mmea huweza kutokea karibu kijivu kile kile, na ua likapotea ndani ya mmea wake.

Dawa yake ni kioo cha rangi kinachovishwa mbele ya lenzi. Kioo chekundu hupitisha mwanga wa ua na kuzuia ule wa kijani. Ua hung'aa, mapande huwa meusi, na mbingu ya buluu hugeuka nzito kana kwamba mvua iko njiani (jambo ambalo Ukambani lingewafurahisha wengi). Kioo hicho hula mwanga mwingi, hivyo filamu huhitaji kuangaziwa takriban mara nane zaidi. Kioo cha kijani hufanya kinyume: mapande huwa meupe na miiba huonekana vizuri, ila ua halitengani sana na mmea. Mimi ningechagua chekundu.

Siku hizi filamu ni ghali na mafundi wa kuisafisha katika chumba cha giza wamebaki wachache. Usife moyo. Piga picha ya rangi kwa simu yako, kisha uigeuze baadaye, ukiongeza mwanga wa nyekundu na kupunguza wa kijani. Matokeo hukaribiana.

Saa nayo ni muhimu. Ua hufunguka jua likishapanda, na kwa kawaida kila ua huishi siku moja au mbili tu. Jua la saa sita hupiga utosini na kuua vivuli vyote. Ngoja saa kumi alasiri, ua likiwa bado wazi, kisha simama uelekee jua. Kila mwiba utawaka kama uzi wa fedha. Ukiwa hapo, gusa nyuzi za katikati ya ua kwa kijiti. Utaziona zikijikunja polepole kuelekea katikati, zikimpaka chavua nyuki aliyeingia.

Jihadhari lakini na miiba midogo kama nywele iliyo chini ya ile mikubwa. Hiyo ndiyo hatari. Hung'oka kwa kuguswa tu na huingia kidoleni ikiwa na ncha zilizopindika.

MGENI ALIYEKATAA KUONDOKA

Mpungate si mwenyeji wetu. Asili yake ni bara la Amerika. Ile mimea mirefu ya porini yenye utomvu mweupe, ambayo wengi huiita dungusi, ni ukoo mwingine kabisa. Huko Laikipia mpungate umemeza malisho, na mbuzi wanaokula matunda yake huumia kinywani na tumboni kwa miiba. Tembo, nyani na ndege hula matunda na kusambaza mbegu. Umeingia pia Tsavo Mashariki, na Kitui ya kusini inapakana na mbuga hiyo. Pande likianguka chini, huota mizizi.

Kwa hivyo picha yako yaweza kuwa zaidi ya pambo la sebuleni. Mwaka 1937 picha nyeusi na nyeupe za vilima vilivyochakaa zilipigwa Machakos, wilaya ambayo Makueni ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti walirudi mahali pale pale wakapiga tena. Walikuta makinga-maji na miti palipokuwa na makorongo, na hayo yamo katika kitabu cha mwaka 1994 cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki.

Ukishapiga ua kwa karibu, basi, rudi nyuma hatua ishirini upige boma zima na uwanda ulio nyuma yake. Weka alama ya jiwe pale uliposimama, na nyuma ya picha andika tarehe na jina la kijiji. Mwakani, mwezi ule ule, simama kwenye jiwe hilo uhesabu mipungate iliyoota nje ya ua.