Faili Lililobanwa si Faili Lililopunguzwa

Mwanafunzi mmoja niliyemsimamia alimtumia mtahini wake barua pepe yenye sentensi hii: “Naomba upokee tasnifu yangu, nimeipunguza ili iweze kutumika kwa barua pepe.” Mtahini alijibu kwa upole kwamba alihitaji tasnifu kamili, wala si iliyopunguzwa. Siku mbili zilipita kabla ya kubainika kuwa hakuna hata nukta iliyoondolewa. Kilichokosewa kilikuwa kitenzi.

Kupunguza ni kuondoa sehemu ya kitu. Programu za kutengeneza mafaili ya ZIP, muundo uliobuniwa na Phil Katz wa Marekani mwaka 1989, haziondoi chochote katika maudhui. Hutafuta marudio na kuyaandika kwa ufupi. Chukua methali “haraka haraka haina baraka”. Programu ikishahifadhi “haraka” ya kwanza pamoja na nafasi inayoifuata, haina haja ya kuiandika tena. Huweka maagizo tu: rudi nyuma alama 7, nakili alama 7. Ikifika kwenye “baraka”, huandika “b”, kisha huagiza: rudi nyuma alama 13, nakili alama 5. Anayelifungua faili hilo huipata methali nzima, herufi kwa herufi.

Kitenzi kinachofaa basi ni kipi? “Kandamiza” kimeshaelemewa na maana ya dhuluma. “Shindilia” hutufaa kwa gunia la pamba, lakini mkazo wake uko katika kujaza chombo. Ninapendekeza “bana”. Godoro la sponji hubanwa na kufungwa kamba ili lienee garini. Likifunguliwa, hurejea umbo lake. Ndivyo lilivyo faili lililobanwa. Pale ambapo mafaili kadhaa yamekusanywa kuwa moja, “furushi” ni jina linaloeleweka bila maelezo.

Hata hivyo, mfasiri asikifute “punguza” katika msamiati wake. Picha za JPEG hubanwa kwa kuacha baadhi ya taarifa ambazo jicho halizitambui kwa urahisi, na taarifa hizo hazirudi. Hapo ni sahihi kusema kuwa ubora umepunguzwa. Tutofautishe, basi, kubana bila kupoteza na kubana kwa kupoteza. Tofauti hiyo pia inaeleza kwa nini furushi la picha kama hizo halipungui sana ukubwa: zilikwishabanwa tangu mwanzo.

Tuje kwenye kuambatisha. Mzizi ni “ambata”, yaani kushikamana na kitu. “Ambatisha” ni kauli ya kutendesha: kufanya kitu kimoja kishikamane na kingine. “Ambatanisha” kina pia kiambishi -an- cha kutendana: kufanya vitu viwili au zaidi vishikamane au viende pamoja. Kwa hiyo tunasema “nimeambatisha tasnifu kwenye barua pepe hii”, lakini “nimeambatanisha barua na tasnifu”. Nomino “kiambatisho” na “kiambatanisho” zote hutumika; mwandishi achague moja na kuishikilia katika andiko zima. Kuhusu upatanisho, hapa nimetumia LI-YA (faili limefika, mafaili yamefika), ingawa wengi husema pia “faili imefika”.

Kiambatisho nacho huongezeka uzito kinaposafiri. Kwa kawaida barua pepe hukigeuza kuwa herufi na alama za kawaida, ambapo kila baiti 3 huwa alama 4. Faili la megabaiti 21 husafiri likiwa na megabaiti 28 hivi, na hivyo linaweza kukataliwa mahali ambapo kikomo ni megabaiti 25. Anayebana aangalie theluthi hiyo inayoongezeka.

Limebaki neno “fungua”, lenye mtego wake. Kufungua furushi na kutoa mafaili yaliyomo ni vitendo viwili. Mtu akifungua waraka ungali ndani ya furushi na kuanza kuuhariri, kazi yake huweza kupotea, kwa kuwa mara nyingi huwa anahariri nakala ya muda. Mfasiri wa maelekezo asitosheke na “fungua faili”. Aandike “fungua furushi, toa mafaili, kisha uyahariri”.

Mwanafunzi wangu angeweza kuandika hivi: “Nimeambatisha furushi moja lenye sura zote tano za tasnifu. Limebanwa ili lisafiri kwa wepesi, hakuna kilichoondolewa. Tafadhali toa mafaili kabla ya kuyasoma.” Sentensi tatu fupi zingemwokolea siku mbili.