Kamera inayofuatilia mtu aliyejificha nyuma ya kona inafanyaje kazi?

Unaendesha gari kwenye mtaa mwembamba. Mbele kuna kona, na nyuma ya ukuta mtoto anakimbiza mpira. Humwoni, naye hakuoni. Je, gari linaweza kujua yupo kabla hajachomoza?

Watafiti wanajaribu kulifanikisha hilo, na siri yote iko kwenye mwanga.

Ukuta unaficha mtu, haufichi mwanga

Mtu akipita nyuma ya kona, mwili wake huziba mwanga kiasi na kuakisi mwingine. Sehemu yake huangukia sakafuni au kwenye ukuta wa mbele, ule unaouona. Mabadiliko hayo ni madogo mno, jicho halishtuki.

Mwaka 2012, watafiti wa MIT, Marekani, walitumia leza na kamera ya kasi kubwa kuchora umbo la kitu kilichofichwa. Mwaka 2017, timu nyingine ya MIT ilirekodi video ya sakafu tu karibu na kona, ikaweza kufuatilia watu waliokuwa upande wa pili. Mmoja wao ni Katie Bouman, aliyekuja kupata umaarufu kupitia picha ya kwanza ya shimo jeusi.

Kamera ya matukio imeleta nini?

Kamera ya simu yako hurekodi picha nzima, mara nyingi 30 kwa sekunde, hata kama hakuna kilichobadilika. Kamera ya matukio haifanyi hivyo. Kila pikseli inajitegemea: mwanga ukitulia, inanyamaza, ukipanda au kushuka, inatoa taarifa papo hapo, kwa kipimo cha milioni ya sekunde.

Kwa hiyo ukuta uliosimama hauonekani kabisa. Kinachobaki ni alama za kile kinachotembea. Programu ya kompyuta huzisoma na kukadiria kiko wapi na kinaelekea wapi.

Usitegemee miujiza

Haikuonyeshi sura ya mtu. Taa inayopepesa inaweza kuichanganya. Na mtoto yule akisimama tuli, kwa kamera hii ni kama ametoweka.

Halafu kuna swali la faragha. Kinachoweza kumwokoa mtoto barabarani kinaweza pia kumfuatilia mtu aliyedhani kajitenga nyuma ya ukuta wake.