Simu Iliyogoma Baada ya Kusasishwa
Simu ya Android inayokwama kwenye nembo baada ya kusasishwa kwa kawaida haijafa. Mfumo wake umeandikwa nusu, pengine chaji iliisha katikati. Ichajiwe kwanza, izimwe, kisha vibonyezwe pamoja kitufe cha kuwashia na cha kuongeza sauti (baadhi ya simu hutaka vingine) hadi menyu ya uokoaji itokee. Kwenye menyu hiyo mtu anaweza kurejesha hali ya kiwandani, ila hatua hiyo hufuta picha na namba zilizohifadhiwa kwenye simu, na baadaye akaunti ya Google iliyokuwamo huulizwa. Fedha za M-Pesa haziguswi, kwani salio liko kwa kampuni.

Ikishindikana, ni kazi ya fundi, awe Mwika au Moshi mjini, Kilimanjaro: kuiflashi, yaani kuiandikia mfumo upya, kwa kompyuta. Samsung huflashiwa kwa programu ya Odin. Tecno na Itel zenye chipu ya MediaTek, kwa programu ya SP Flash Tool. Faili la mfumo lilingane na modeli kamili ya simu. Kompyuta mpakato ni salama zaidi, maana umeme ukikatika ile ya mezani huzimika na kazi huharibika upya.

Balaa kubwa huletwa na fundi mwenye haraka anayefomati kila kitu, maana IMEI, namba ya utambulisho wa simu, nayo hufutika. Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) ilizima simu bandia nchini kote kwa kutumia namba hizo, na sheria ya mawasiliano ya 2010 inakataza kuzichezea. Kabla ya kulipa, mteja apige *#06# na kulinganisha namba na ya kwenye boksi.