MJI UNATUFUATA HADI KINONDONI: HESABU YA NYUMBA YA VYUMBA SITA

Leo nina ishu ndefu kidogo, kwa hiyo kama dakika zako hapo kafe zinakaribia kuisha, ongeza kabisa.

Jumamosi moja asubuhi niko kibarazani, Kinondoni Mkwajuni, nasubiri chapati na maharage. Wakaja jamaa watatu na futi ya kupimia. Hawakusalimia mtu. Wakapima mbele, wakapima ubavuni hadi kwenye choo cha uani, mmoja akaandika kwenye simu, wakasepa. Mama lishe wetu, ambaye amepika kwenye kibaraza hicho zaidi ya miaka kumi, akageuza chapati yake taratibu akasema, "Mwanangu, ukiona futi ujue mkeka unakunjwa."

Kumbe alikuwa na habari zote. Bibi mwenye nyumba alifariki mwaka juzi, ameacha watoto saba, na sasa kuna mtu anataka kiwanja apandishe ghorofa. Sisi wapangaji hakuna aliyetuambia kitu.

Jioni kijiweni kila mtu akawa mchambuzi. Huyu anasema ni tamaa ya warithi, yule anasema matajiri wametuchoka. Mi nikasema ngoja nifuatilie. Nimeuliza wazee, nimesoma, nimepiga hesabu. Tamaa ipo, sikatai, lakini jambo lenyewe ni kubwa kuliko tamaa ya mtu mmoja. Yaliyotokea Kariakoo yanahamia kwetu, na ukijua yalivyotokea kule hutashangaa futi ikija mlangoni kwako.

MJINI NI WAPI HASA?

Ukiwa Temeke au Kinondoni ukisema "naenda mjini", kila mtu anajua ni Posta au Kariakoo. Mji huo haukukaa hivyo kwa bahati. Wakoloni, kwanza Wajerumani halafu Waingereza, waliugawa kwa aina ya nyumba: majumba ya Kizungu kule baharini, nyumba za biashara za Wahindi katikati, na nyumba za Waafrika nyuma. Ndiyo maana hadi leo tuna maneno Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Kile kiwanja cha Mnazi Mmoja unachopita ukielekea Posta kiliachwa wazi kutenganisha Uhindini na Uswahilini.

Na Uswahilini ilikuwa wapi? Kariakoo! Jina lenyewe limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, Carrier Corps, waliopiga kambi pale wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Baadaye pakawa mtaa wa Waafrika. Nyumba zake zilikuwa kama hii yetu: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kulia, vitatu kushoto, uani jiko na choo, mbele kibaraza. Mwenye nyumba anakaa humohumo na wapangaji wake.

Kariakoo ilipojaa, na hasa baada ya Vita ya Pili, serikali ya kikoloni ikapanua mitaa ya Waafrika kwenda Ilala, Temeke, Magomeni na Kinondoni. Yaani sisi tulikuwa pembeni kabisa ya mji. Sensa ya 1967 Dar nzima ilikuwa na watu karibu 273,000. Ya 2002 ikakuta kama milioni 2.5. Ya 2012 watu 4,364,541. Ya 2022 watu 5,383,728. Watu hao wamekwenda kukaa Mbagala, Chamazi, Pugu, Kimara, Bunju. Kwa hiyo Kinondoni haijasogea hata hatua moja, ila mji umeipita, sasa ipo katikati. Na cha katikati kina bei.

KARIAKOO ILIVYOGEUKA

Kipindi cha Azimio la Arusha ujenzi wa nyumba za kupangisha haukuwa na mvuto. Mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, mengi yakiwa kule Uhindini. Yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Wazee bado wanayaita nyumba za Msajili.

Biashara ilipofunguliwa miaka ya 1980 na 1990, Kariakoo ikawa duka la nchi nzima, na hata la majirani zetu. Mfanyabiashara anataka fremu karibu na soko, na yuko tayari kulipa kwa mwezi pesa ambayo chumba cha kulala hakiwezi kuleta kwa mwaka. Ikawa kilichomo juu ya ardhi hakina thamani tena, thamani iko kwenye ardhi yenyewe. Nyumba za vyumba sita zikaanza kuanguka moja moja. Wengine waliuza wakahamia Mbagala au Tabata. Wengine waliingia ubia: wewe una kiwanja, mimi nina pesa, tunajenga ghorofa, wewe unapata sehemu yako.

Kuna gharama nyingine ya haraka hii. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 jengo jingine likaporomoka Kariakoo likiwa na watu ndani, wakafa zaidi ya 25. Kwa hiyo kama kuna mtu anakwambia ghorofa ni maendeleo, mwambie sawa, ila muulize nani amelikagua.

HESABU YA WARITHI SABA

Sasa turudi kibarazani kwetu. Tuseme chumba kimoja ni 70,000 kwa mwezi. Nyumba ina vyumba sita, viwili wanakaa wanafamilia, vinabaki vinne. Hiyo ni 280,000 kwa mwezi, au 3,360,000 kwa mwaka. Gawa kwa warithi saba: kila mmoja 480,000 kwa mwaka. Kwa mwezi ni 40,000! Na hapo hujatoa pesa ya bati linalovuja na choo kilichojaa.

Halafu anatokea mtu anataja mamilioni ya kila mrithi, taslimu. Mmoja ana mtoto anadaiwa ada, mwingine anataka mtaji wa bodaboda. Hapo ndipo nilipoacha kuwatukana kijiweni. Ningekuwa mimi ndiye mrithi wa saba, sijui ningesemaje.

Mwendokasi nayo imeongeza moto. Tangu Mei 2016 mabasi yanapita Mkwajuni kwenda Morocco upande mmoja na Kariakoo na Kivukoni upande mwingine. Barabara nzuri ikipita mbele ya nyumba mbovu, anayeiona kwanza ni mnunuzi. Kwa upande wa Temeke presha ina sura nyingine kidogo: Kurasini na Chang'ombe kuna viwanja vilivyogeuka yadi za makontena na malori, kwa sababu bandari iko jirani. Nyumba inaondoka kupisha kontena, na kontena halinunui chapati.

TUNAKULA WAPI?

Hapa ndipo watu wengi hawaoni. Nyumba ya vyumba sita haina jiko la kila mpangaji. Unapika ukumbini kwa jiko la mkaa au mtungi mdogo wa gesi, au hupiki kabisa. Mseja kama mimi hapiki, analishwa na kibaraza. Asubuhi chapati, supu au mihogo. Mchana wali maharage, ugali dagaa, ugali samaki wa Feri. Usiku chipsi mayai na mishkaki pale kona.

Bei ya sahani inakuwa nafuu kwa sababu ya kibaraza. Mama lishe wetu alikuwa akimpa bibi pesa kidogo tu na sahani ya mchana, yameisha. Vyombo analaza ukumbini, maji anachota uani, wateja wake wanalala mlango wa pili, na ananijua, nikikwama ananiandikia kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Ghorofa likija, kibaraza kinakuwa fremu. Fremu ina kodi ya miezi sita au mwaka mbele, ina leseni, ina umeme wake. Atakayeiweza ni duka la simu au mgahawa wenye sahani ya bei mara mbili, na hakuna daftari.

Mjini ndivyo kulivyo. Mchana Posta na Kariakoo zinalisha malaki ya watu, lakini anayekupikia anatoka Mbagala au Gongo la Mboto, ameamka saa tisa usiku. Mji unakula kwa mikono ya watu ambao hauwezi kuwalaza.

KUHAMA NI NAFUU KWELI?

Utaambiwa, "si uhamie Chamazi, chumba 40,000?" Haya, tupige. Nafanya kazi za vibarua Kariakoo siku 26 kwa mwezi. Sasa hivi napanda gari moja kwenda na moja kurudi. Tuseme 600 kila gari: 1,200 kwa siku, 31,200 kwa mwezi. Nikihamia mbali napanda mawili kwenda na mawili kurudi: 2,400 kwa siku, 62,400 kwa mwezi. Kwenye kodi nimeokoa 30,000, kwenye nauli nimeongeza 31,200. Nimepata hasara ya 1,200, saa tatu nne barabarani kila siku, na hakuna anayeniandikia kwenye daftari.

Kwa hiyo mtu wa kipato chetu akisukumwa nje ya mji hapati nyumba ya bei rahisi. Anapata kodi ambayo nusu yake anamlipa konda.

SI LAZIMA IWE HIVYO

Jirani zetu Magomeni Kota waliondolewa kwenye nyumba zao za zamani mwanzoni mwa miaka ya 2010. Waliteseka karibu miaka kumi, wengine walifariki wakisubiri. Lakini Machi 2022 maghorofa mapya yalizinduliwa na kaya 644 za wakazi wa zamani zikapewa nafasi ya kurudi. Nawakumbusha hili kwa sababu linaonyesha ghorofa na wakazi wa zamani wanaweza kukaa pamoja, ila lazima mtu aandike majina kabla tingatinga halijaja.

UFANYE NINI? HAYA NILIYOYAPATA

Kama nyumba ni ya familia yako:

1. Hakuna mrithi anayeweza kuuza peke yake. Lazima mahakama iteue msimamizi wa mirathi kwanza. Mauzo ya haraka nyuma ya mgongo ndiyo yanazaa kesi za miaka.
2. Kama wazazi wote wawili wapo hai na ndoa ipo, Sheria ya Ndoa ya 1971 inawalinda: mmoja hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi.
3. Kabla ya kuuza uliza habari ya ubia. Tangu 2008 kuna sheria ya kumiliki sehemu ya jengo, yaani mtu unaweza kuwa na hati ya ghorofa lako la pili tu. Mkataba usomwe na mwanasheria wenu, si wa mnunuzi.

Kama wewe ni mpangaji kama mimi:

1. Taka mkataba wa maandishi na risiti, hata kwa chumba kimoja.
2. Nyumba ikiwa kwenye mirathi, jua pesa unampa nani. Ukimlipa mrithi ambaye hajateuliwa, wenzake wanaweza kukukana.
3. Usilipe mwaka mzima kwenye nyumba iliyokwisha kupimwa. Omba miezi mitatu.
4. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, ilianza na 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Ni kodi ya mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Tunza risiti, mkubaliane ipunguzwe kwenye pango.

Na mama lishe? Sheria ya kumlinda kibarazani sijaiona. Kinachomlinda ni kuulizwa mapema. Nilimwambia mtoto mkubwa wa marehemu bibi, "Shikamoo baba, mkikaa kikao na huyo mnunuzi, muulizeni kama chini kutakuwa na sehemu ya jiko." Akacheka. Halafu akanyamaza, akasema, "Yule mama ndiye aliyempikia bibi yenu uji miezi yote ile ya mwisho." Akasema atauliza.

Hadi naandika hapa warithi hawajakubaliana, wawili hawataki kuuza. Mi nimelipa miezi mitatu, nimepewa risiti yenye saini. Chapati bado zipo.

Wadau wa Keko, Tandika, Mwananyamala, Manzese, futi imeshafika kwenu? Mwaga data tujue, maana tukijuana mapema si sawa na kukutana wote stendi tumebeba magodoro.

Nawasilisha.