HAKI YA NJIA KATIKA SHAMBA LA MTU MWINGINE

Watu wengi hudhani kwamba mtu akiisha kupata hati ya shamba anaweza kulizungushia seng'enge na kumkataza kila mtu kupita. Sivyo. Shamba laweza kuwa mali ya mmoja, na jirani akawa na haki ya kupita humo kwenda mtoni au barabarani, au kupitisha mfereji wa maji. Haki hiyo hufuata ardhi, wala haimfuati mtu. Shamba likiuzwa, humfunga mnunuzi pia. Akijenga nyumba juu ya njia hiyo, mahakama yaweza kumwamuru aibomoe.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa fedha, yampasa mnunuzi kwenda na namba ya shamba katika ofisi ya usajili wa ardhi, aombe daftari lichunguzwe. Daftari lina sehemu tatu. Sehemu A yaeleza shamba lenyewe, pamoja na haki lililo nazo juu ya mashamba mengine. Sehemu B yataja mwenye shamba. Sehemu C yaonyesha mizigo iliyo juu yake, kama vile rehani na njia za majirani. Wengi huridhika wakiona jina la muuzaji katika B, wasitazame C.

Kisha atazame ramani. Mashamba ya Kiambu, Nyeri na Murang'a yalipounganishwa katika miaka ya 1950, njia za kufikia mashamba zilipimwa na kuchorwa katika ramani.

Lakini si haki zote zilizoandikwa. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 yahifadhi haki za njia na za maji zilizokuwapo shamba lilipoandikishwa mara ya kwanza, hata zisipoonekana daftarini. Tena, mtu aliyepita mahali waziwazi, kwa amani, kama mwenye haki, bila kukatizwa kwa miaka 20, aweza kupata haki hiyo kisheria. Basi mnunuzi na alitembee shamba lote, atazame njia zilizokanyagwa, awaulize wazee na majirani.

Majirani wakipatana juu ya njia mpya, yafaa waandike mapatano, wachore mahali ipitapo, na kuyaandikisha. Neno la mdomo husahaulika wazee wakifa, na watoto wao wakabaki kushtakiana.